Muhuri Hauuzi Shamba



Minada ya ufuta ikishafanyika na fedha zikishaingia kwenye simu, vitu viwili huongezeka vijijini kwetu huku Kinjumbi, Kipatimu, Chumo na Somanga, wilayani Kilwa: mabati mapya na hati za mauziano ya mashamba. Juu ya mabati sina neno. Hati ndizo zilizonileta. Wageni wenye fedha wanazidi kuja, wengine kwa sababu ya ufuta, wengine wamesikia habari za gesi na bandari ya uvuvi pale Kilwa Masoko, wengine wanatafuta malisho. Shamba ambalo mwaka juzi mtu alikuwa tayari kulibadilisha kwa pikipiki, leo dalali analizungumzia kwa milioni. Na mauziano yote haya yanapita juu ya karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari la kaunta.

Hebu tuisome karatasi hiyo pamoja. Ninayo hapa. Nimeiandika mwenyewe kuwa mfano, lakini yeyote aliyewahi kununua au kuuza shamba huku kwetu ataitambua.

“Hati ya mauziano ya shamba. Mimi fulani bin fulani, mkazi wa kitongoji fulani, nimemuuzia ndugu fulani wa Dar es Salaam shamba langu la heka 10, lenye mikorosho 43 na miembe 2. Mipaka: mashariki bonde, magharibi njia, kaskazini shamba la mzee fulani, kusini pori. Bei ni shilingi kadhaa, nimepokea zote mkononi. Kuanzia leo sina dai lolote.” Chini kuna majina ya mashahidi wanne, dole gumba moja, na juu ya yote muhuri wa zambarau wa mwenyekiti wa kijiji, umegongwa kwa nguvu hadi wino umetawanyika.

Mnunuzi akishauona muhuri ule, roho inatulia. Hapo ndipo nataka nianze, kwa sababu muhuri hauuzi shamba, wala mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kuidhinisha mauziano ya ardhi ya kijiji.

Ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, chini ya dhamana ya Rais. Sisi tuna haki ya kuitumia. Sheria mbili za mwaka 1999, Sheria ya Ardhi namba 4 na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5, zilizoanza kutumika Mei 2001, zimeigawa katika mafungu matatu: ardhi ya jumla, ambayo kwa sehemu kubwa ni ya mijini, ardhi ya hifadhi, kama msitu wa Mitarure hapa wilayani, na ardhi ya vijiji. Kinjumbi ni ardhi ya kijiji. Anayeisimamia ni halmashauri ya kijiji, yaani kikao cha wajumbe wasiopungua 15 na wasiozidi 25, na mwenye kauli juu yao ni mkutano mkuu, nyinyi wenyewe wanakijiji mliofikisha miaka 18.

Kwa hiyo, mtu anapotaka kuhamisha haki yake ya kimila kwenda kwa mwingine, hasa mwingine huyo akiwa si mkazi, jambo hilo linapaswa kupelekwa kwenye halmashauri ya kijiji. Wajumbe wakae, wajadili, wakubali au wakatae, na uamuzi uandikwe kwenye muhtasari wenye tarehe, mahudhurio na saini. Mahakama ya Rufani imeshatamka kwamba mauziano ya ardhi ya kijiji yasiyo na idhini hiyo ni batili. Batili maana yake hayapo, hata kama fedha zilihesabiwa mbele ya mashahidi wanne na picha zikapigwa.

Basi ukioneshwa hati yenye muhuri, usiulize kama muhuri ni halisi. Uliza muhtasari uko wapi. Mtendaji wa kijiji ndiye katibu wa kikao na ndiye anayetunza mihtasari. Akikuambia kikao kilikaa, mwombe nakala. Akikuambia kitakaa baadaye, na wewe fedha utoe baadaye. Nawajua watu ambao walitoa kishika uchumba leo, kesho robo, keshokutwa nusu, na wakati kikao kinakaa shamba limeshauzwa kwa watu wawili.

Kuna neno moja hapa litawaudhi baadhi ya viongozi, lakini nitalisema. Ile asilimia 10 ambayo mnunuzi au muuzaji huambiwa aipeleke kwenye ofisi ya kijiji au ya mtaa, imeenea nchi nzima kama ada ya halali. Sheria hizi mbili za ardhi hazikuitaja. Kama kijiji chenu kina ushuru wake uliopitishwa kwa utaratibu wa sheria ndogo, dai usomewe sheria ndogo hiyo, na ukilipa upewe risiti. Fedha isiyo na risiti haijaingia kijijini, imeingia mfukoni.

Turudi kwenye karatasi. Inasema “shamba langu”. Langu kwa njia gani?

Hapa kwetu Umatumbini, nchi ya Wamatumbi, swali hili lina mizizi mirefu. Wazee wetu hawakuwa wakikaa walipo leo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ilikuja Operesheni Vijiji, watu wakahamishwa wakawekwa pamoja, barabarani, penye shule na zahanati. Nyuma yao yakabaki mahame: miembe, makaburi, vigae vya vyungu, na mikorosho iliyoendelea kuzaa bila kupaliliwa. Wakati huo huo walikopelekwa, waligawiwa maeneo ambayo kabla ya hapo yalikuwa ya mtu mwingine. Leo mjukuu wa yule aliyepokonywa anakuja na hoja yake: huu mwembe aliupanda babu yangu. Na mjukuu wa yule aliyegawiwa ana hoja yake: hapa tumezaliwa, hapa tumezika.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji imelijibu hili waziwazi, ingawa jibu lenyewe si tamu kwa kila mtu. Ugawaji wa ardhi uliofanyika katika kuhamishia watu vijijini kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 umethibitishwa kuwa halali, na haki za zamani juu ya maeneo hayo zimefutwa. Kwa hiyo aliyegawiwa kipande wakati wa operesheni, na kizazi chake, wamesimama mahali pagumu kung'oka. Mwembe wa babu ni historia, na makaburi yanastahili heshima yake, lakini havitoshi kumwondoa mtu aliyewekwa pale na serikali mwaka 1974.

Lakini msinielewe vibaya. Kipo kitisho kingine kinachoenezwa na madalali: kwamba asiye na hati hana ardhi, serikali itakuja kuichukua, bora auze mapema. Huo ni uongo. Sheria hiyo hiyo inasema haki ya kimila ina hadhi sawa kwa kila namna na haki inayotolewa kwa hati ya serikali. Na kabla ya sheria hiyo, mwaka 1994, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, katika kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe, wakulima wa kaskazini, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba. Bibi wa Kinjumbi anayelima bonde lake la mpunga bila karatasi yoyote, ana haki. Karatasi itamsaidia kuithibitisha. Haitaizaa.

Twende mbele. “Heka 10.” Zimepimwa na nani? Kwetu heka, yaani ekari, ni hatua 70 kwa 70, na hatua zenyewe ni za kijana mrefu aliyetumwa na mnunuzi. Afisa ardhi akija na kifaa chake anaandika kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu. Nimeona watu wakigombana ofisini bila sababu, mmoja ameshika 10, mwingine ameshika 4, na wote wanazungumzia shamba lile lile. Andika kipimo kwa maneno. Andika ni ekari. Andika aliyepima ni nani na majirani gani walikuwepo siku ya kupima.

Maana majirani ndio ramani yetu. Karatasi yetu imetaja mipaka minne lakini jirani aliyetajwa ni mmoja tu, na hata huyo hakusaini. Bonde linahama mvua zikiwa kubwa. Njia ya miguu inahama mtu mmoja akiamua kupitia kwingine. Jirani hahami kirahisi. Kila upande wenye mtu, mtu huyo asimame kwenye mpaka, aseme “naam, hapa ndipo”, kisha aweke saini au dole gumba.

Na “kusini pori”! Mnunuzi akisoma pori, anaona nafasi ya kujipanua. Lakini hakuna pori lisilo na mwenyewe. Pori la kusini ama ni akiba ya kijiji, ama ni msitu wa kijiji, ama ni hifadhi ya serikali, ama ni mahame ya mtu. Na anayeweza kuigawa akiba ya kijiji ni halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu kukubali. Wakikuambia “chukua tu, hamna shida”, jua shida imeanza. Vivyo hivyo kwa nyinyi wa Somanga na pwani: Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni au kingo za mto, na kwenye mkuza wa bomba la gesi linalotoka Songo Songo kupita Somanga kwenda Dar es Salaam hujengi. Kiwanja cha bei ya kutupa mahali pa namna hiyo kina sababu ya kuwa cha bei ya kutupa.

Habari ya pori inanikumbusha jambo kubwa zaidi lililotokea kusini mwetu, wilaya hii hii. Mwishoni mwa miaka ya 2000, kampuni ya Kiholanzi ya BioShape ilikuja kutafuta ardhi ya kulima mibono ya kutengenezea mafuta ya mitambo. Vijiji vya Mavuji, Migeregere, Nainokwe na Liwiti vilitoa maelfu kwa maelfu ya hekta, jumla zaidi ya 30,000. Mkulima wa kigeni hawezi kupewa ardhi ya kijiji moja kwa moja, kwa hiyo ardhi hutolewa kwanza kwenye fungu la vijiji, ikaingia fungu la jumla. Kampuni ikafilisika ikiwa imelima sehemu ndogo tu. Mibono ikaachwa. Na wanakijiji waliodhani kwamba mgeni akiondoka shamba linarudi lenyewe, waligundua kwamba ardhi ikishatoka kwenye fungu la kijiji hairudi kwa kuondoka kwa mgeni. Inahitaji utaratibu mwingine mzima, na utaratibu huo hauko mikononi mwa mwenyekiti wa kijiji.

Kwa uhamisho wa namna hiyo, sheria imeweka mstari kwenye hekta 250. Chini ya hapo mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Zaidi ya hapo mkutano mkuu unajadili na kutoa mapendekezo, uamuzi unakwenda kwa waziri. Basi siku mkiitwa kwenye mkutano mkuu, ajenda namba 4 ikawa “mwekezaji”, msiondoke baada ya ajenda namba 3. Ulizeni idadi ya hekta, ulizeni ni ya kukodi au ya kuhamisha, ulizeni akishindwa inakuwaje, na hakikisheni maswali yenu yameandikwa kwenye muhtasari. Mhitimu mmoja wa darasa la saba mwenye mwandiko mzuri anawafaa zaidi siku hiyo kuliko kelele za watu 200.

Turudi tena kwenye karatasi, tutazame ambaye hayumo. Muuzaji yumo. Mashahidi wanne, wote wanaume. Mke wa muuzaji yuko wapi? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na sheria za ardhi za 1999 zimeongeza nguvu juu ya hapo. Mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi imefutwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, hata wazee wakiiapia. Ninawaambia wanunuzi, si kwa huruma, kwa hesabu: mama ambaye amepalilia ile mikorosho miaka 20 na hakuulizwa, ndiye atakayekufuata barazani. Mwite akae, asomewe hati, aseme mwenyewe, asaini. Kama ni wake wawili, waje wawili.

Sasa tuseme kila kitu kimekwenda sawa. Muhtasari upo, majirani wamesaini, mama amesaini. Je, upate hatimiliki ya kimila? Ndiyo, kama kijiji chako kimeshafika huko. Kijiji kwanza kipimwe mipaka yake na kipate cheti cha ardhi ya kijiji. Kisha kiandae mpango wa matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa msitu. Kisha kiwe na masijala, chumba chenye kabati linalofungwa. Baada ya hapo mwanakijiji anaomba, halmashauri ya kijiji inatakiwa kuamua ombi ndani ya siku 90, wahakiki wanakwenda shambani, na hati inasainiwa na mwenyekiti, mtendaji na mwenye shamba, kisha afisa ardhi wa wilaya anaisaini, anaipiga lakiri na kuisajili. Kwa raia wanakijiji hati hii haina kikomo cha miaka, tofauti na ile ya mjini ambayo ni ya miaka 33, 66 au 99.

Ukiipata, isome kabla ya kuifungia sandukuni. Jina limeandikwa kama lilivyo kwenye kitambulisho? Limeandikwa jina lako peke yako au lako na la mwenzako? Matumizi yaliyotajwa ni kilimo au makazi? Kosa la herufi moja leo ni la dakika tano kurekebisha. Miaka 15 baadaye, wewe hupo, watoto watazunguka nalo kutoka kijijini hadi Kilwa Masoko, na kutoka huko hadi Lindi.

Mkigombana, anzeni na baraza la ardhi la kijiji, wajumbe saba, angalau watatu wanawake, kazi yao ni kusuluhisha. Baraza la kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, linasuluhisha tu, halitoi hukumu tena. Likishindwa kuwasuluhisha, mnapewa cheti cha kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na kutoka huko Mahakama Kuu. Kuna watu bado wanabeba “hukumu” ya kata ya juzi wakidhani wameshinda. Hawajashinda chochote. Na mkifika mbele, ile karatasi yenu haitapokelewa kuwa ushahidi mpaka ilipiwe ushuru wa stempu, jambo ambalo watu hulijua siku ya kesi.

Nimeacha kwa makusudi jambo moja hadi mwisho, kwa sababu ndilo linaloumiza zaidi pwani hii. Ile mikorosho 43.

Kwetu mti na udongo vinaweza kuwa na wenyewe wawili. Mtu hupanda mikorosho au minazi kwenye ardhi ya mwenziwe kwa makubaliano. Mtu huuza miti akabaki na ardhi. Na zaidi ya yote, mtu huweka miti rehani: mtoto anaumwa, fedha hakuna, anamwendea mwenye nacho, anachukua laki kadhaa, na mwenye nacho anaokota korosho hadi siku deni litakapolipwa. Hakuna karatasi. Kuna maneno tu, baada ya sala ya Ijumaa. Misimu inapita. Aliyekopa anafariki, aliyekopesha anafariki, na watoto wa aliyekopesha, ambao tangu wapate akili wanamwona baba yao akiokota pale, wanaapa kwamba shamba ni lao. Siku moja wanaliuza, na hati inaandikwa kama hii niliyowasomea: “shamba langu, lenye mikorosho 43”. Hawadanganyi. Ndivyo wanavyojua.

Sheria inampa anayedai ardhi miaka 12 kufungua shauri. Ni kweli pia kwamba mahakama zetu zimeshikilia kwamba aliyekaribishwa kwenye ardhi hageuki mwenye ardhi kwa sababu ya kukaa muda mrefu. Lakini ni nani atakayethibitisha kwamba ulikuwa ukaribisho au rehani, na si mauzo, wakati wote waliokuwepo wamelala makaburini?

Kwa hiyo kama una mikorosho iliyo rehani, au umeshika rehani ya mtu, iandikeni wakati pande zote mbili ziko hai. Andikeni neno rehani. Andikeni kiasi cha fedha, idadi ya miti, na kwamba ardhi inabaki kwa mwenyewe. Wake na watoto wakubwa wa pande zote wasikie na wasaini. Nakala tatu, moja ibaki kwa mtendaji. Na kama aliyeshika rehani anagoma kuandika, usingoje msimu wa korosho: nenda baraza la ardhi la kijiji mwezi huu huu, ukiwa na yeyote aliyekuwepo siku fedha zilipotolewa.